Korongo wa Mguu Mmoja

Siku ile, pwani ya Rumonge, alikuwepo Fundi Masudi, mchoraji wa mitumbwi, ameketi juu ya karai lililopinduliwa kwa sababu mgongo ulikuwa umemkataza kusimama. Alikuwepo Mama Shabani, mwenye mtumbwi, muuzaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mikono kiunoni. Alikuwepo Selemani, mwimbaji wa ekipe ya mama huyo, yaani kundi la wavuvi wake, na nyuma yake wavuvi wanne wa ekipe hiyo, macho mekundu kwa kazi ya usiku. Alikuwepo baba mdogo Ezekieli, mdogo wa marehemu baba yangu, aliyetoka Kabonga na mfuko mmoja mkubwa usio na kitu ndani. Walikuwepo wadogo zangu watatu, Riziki, Amani na Mapendo, wamekaa juu ya gogo, wameogeshwa na kupakwa mafuta kama watu wa safari. Na mimi Furaha, dada yao mkubwa, brashi mkononi. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, hata Mapendo, ambaye alilala usingizi tangu mwanzo hadi mwisho na leo anasimulia siku ile kuliko sisi tulioiona.

Pale tulipokuwa sasa ni maji. Ziwa limepanda, limekula karakana ya Fundi Masudi na nyumba za jirani, na watoto wenu wanaogelea mahali tulipokuwa tunakorogea rangi. Siendi kulia huko. Kazi haikuwa kwenye kiwanja.

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu jioni kuniuliza habari za uchoraji, mnanikuta nimeketi, mkono wa kulia unatetemeka, mnadhani nitawafundisha namna ya kushika brashi. Hilo mtalijua wenyewe baada ya kuharibu mbao za watu. Ninalotaka mlijue ni jinsi picha, wimbo na maandishi vinavyokaa nyumba moja bila kupigana. Mimi nilitoka shuleni mapema, mama alipofariki miaka michache baada ya baba, na kama ningelazimika kusubiri cheti ndipo nilielewe jambo hili, wadogo zangu wangekuwa wametawanyika zamani.

Kwetu, upande ule wa pwani tuliofanyia kazi, mtumbwi mpya haukushuka majini mpaka uimbwe. Mchoraji alichora picha kwanza, ubavuni karibu na pua ya mtumbwi. Kisha ekipe ilikuja, mwimbaji wao akasimama mbele ya picha, akaitazama, akaimba alichokiona. Wenzake waliitikia. Mstari ulioitikiwa vizuri, ule ambao mikono ilitaka kuvuta makasia kwa ajili yake, ndio ulioandikwa. Picha ikazaa wimbo, wimbo ukazaa jina. Kama mwimbaji alitazama akanyamaza, picha ilifutwa, na mchoraji alirudi nyumbani akiwa amejipaka rangi bure.

Kulikuwa na kanuni nyingine iliyokwenda na hiyo: aliyeitikia ameshuhudia. Ukishafungua mdomo ukaitikia wimbo wa mtumbwi, umekubali uchorwe hivyo, uitwe hivyo, na huwezi kurudi kesho kusema haukupendezi. Wenye mitumbwi wagumu walikuja wamefunga midomo kwa mkono ili wasije wakajisahau. Nimeona tajiri mmoja ametafuna muwa mzima kwa sababu hiyo.

Nilipoingia kwa Fundi Masudi sikuingia kama mwanafunzi. Niliingia kama mwoshaji wa brashi, kwa sababu watoto walitaka kula. Mzee yule alikuwa wa mtaa wa Waswahili, mababu zake walitoka upande wa Ujiji, na alikuwa na koo zuri la kaswida. Alichora akiimba. Mwanzoni nilidhani ni furaha tu. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa anapima. Herufi moja, pigo moja. Palipo na pumzi, aliacha nafasi. Ndiyo maana maandishi yake hayakugongana mwishoni mwa ubao, na nyinyi mnajua jinsi yanavyogongana: mtu anaanza na herufi kubwa kama milango, akifika mwisho zinabanana kama abiria kwenye mlango wa basi. Jaribuni. Imbeni mstari kabla ya kuuandika, mguse ubao kwa kidole kila pigo. Ubao utawaambia kama mstari unatosha au hautoshi.

Makosa nilifanya mengi, na moja nitawaambia kwa sababu bado kuna watu wanalirudia. Mwezi wa kwanza rangi ya buluu ilikuwa nzito, esansi, yaani petroli ya kuilainishia, imekwisha, na mimi ni mtoto wa Rumonge, nikatazama huku na huku nikaona mawese. Mafuta ni mafuta, nikasema moyoni. Rangi ikalainika vizuri ajabu, ikang'aa, hata Fundi Masudi akanisifu. Haikukauka. Siku ya tatu mwenye mtumbwi akaukalia ukingo wake akiwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa, akaenda msikitini hivyo hivyo. Wakasema alisali safu ya mbele na safu zote za nyuma zilijua mtumbwi wake una rangi gani. Fundi Masudi hakunipiga wala kunifukuza. Alinipa ile kanzu nikaifue mpaka buluu itoke. Haijatoka hadi leo nadhani.

Sasa turudi kwa baba mdogo Ezekieli na mfuko wake.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kufanya jambo ambalo ukoo ulimwagiza: Amani aende naye Kabonga kuvua, Riziki aende kwa shangazi Bujumbura kulea watoto wa watu, Mapendo apelekwe ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, kwa wazee wa mama. Mimi ningeolewa. Kila mmoja angekula, na hilo si dogo. Lakini niliwahi kuwaona ndugu waliogawanywa hivyo. Wanakutana ukubwani kwenye msiba, wanaulizana majina ya watoto. Nikamwambia baba mdogo kwamba nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema ya kuchora mitumbwi. Akacheka, akasema kuosha brashi si kuchora, kama vile kuosha sahani si kula.

Fundi Masudi ndiye aliyesema, akiwa kwenye karai lake, kwamba mtumbwi wa Mama Shabani ungechorwa na mimi peke yangu. Baba mdogo akafikiri, kisha akaniambia maneno ambayo ninayakumbuka kama yalivyo.

"Sikia, mwanangu. Siku ya kuuimba nitakuwa hapa. Watu wakikubali kazi yako, hawa watoto nitakuachia. Wakikataa, tunaondoka na gari ya mchana, na usinililie."

Nikasema ego, ndiyo.

Mama Shabani alitaka ndege. Nikachagua korongo, yule mrefu anayesimama kwenye majani ya ukingoni, kwa sababu nilimwona kila asubuhi nikiteka maji na nilijua shingo yake inavyopinda. Nikamchora mwili mweupe, bawa la kijivu, mdomo mwekundu, na mguu mmoja mwekundu. Nilikuwa na rangi nyekundu kidogo tu kwenye mkebe, ya kutosha mguu wa pili. Na hapo ndipo kiburi kiliponipata. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa tano, herufi nazijua, na baba mdogo alikuwa anakuja. Nilitaka aone kwamba mtoto wa kaka yake anajua kuandika. Nikachukua ile nyekundu yote nikaandika chini ya ndege, kwa herufi za kujivuna: KORONGO WA MAMA SHABANI. Mkebe ukabaki mtupu. Korongo akabaki na mguu mmoja.

Nilijiambia kwamba korongo husimama hivyo. Ni kweli husimama hivyo. Lakini mimi sikumchora hivyo kwa sababu anasimama hivyo. Nilimchora hivyo kwa sababu rangi imekwisha.

Selemani akaja na ekipe. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyezungumza kidogo sana nchi kavu, kama aliyeweka sauti yake akiba kwa ajili ya maji. Akasimama mbele ya mtumbwi. Akatazama ndege. Akaomba asomewe yale maandishi, maana yeye hakusoma, na mimi nikamsomea kwa sauti kubwa ili baba mdogo asikie. Akanyamaza.

Tukasubiri. Mmoja wa wavuvi akakohoa. Mama Shabani akamtazama Selemani, Selemani akatazama miguu yake.

"Nini?" Mama Shabani akauliza.

"Hakuna kitu ya kuimba," Selemani akasema. "Mimi nione ndege, niseme ni korongo? Imeandikwa. Niseme ni ya Mama Shabani? Imeandikwa. Huyu mutoto ameisha sema yote. Mimi nimebaki na nini?"

Baba mdogo akainuka. Akaukunjua ule mfuko, akaukung'uta mchanga. Hakusema kwa ukali; alisema kama mtu anayetaka kumaliza jambo gumu haraka. "Hata ndege mwenyewe anachechemea," akasema. "Riziki, leta nguo zenu."

Riziki akanitazama mimi kwanza. Hakuinuka.

Nilichofanya baadaye sikukifikiria. Nilichovya kitambaa kwenye esansi nikaanza kufuta yale maandishi. Yalikuwa bado mabichi, yakatoka, yakaacha wekundu hafifu kwenye mbao, kisha hata huo ukatoka. Nikafuta jina la Mama Shabani mbele ya Mama Shabani. Nikafuta kila herufi niliyokuwa najivunia. Chini ya ndege pakabaki ubao mtupu, na ndege juu yake kwa mguu wake mmoja, na sasa upungufu wake ulionekana kuliko kitu kingine chochote. Nikamwomba Fundi Masudi rangi nyekundu, tone tu, nimalizie mguu.

"Acha," akasema.

"Fundi, hana mguu."

"Nimeona. Muachie nafasi Selemani."

Nikasogea pembeni. Selemani akasogea karibu, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje. Aliutazama ule mguu uliokosekana kwa muda mrefu. Kisha akageuza macho, akawatazama wadogo zangu kwenye gogo, Mapendo amelala kwenye paja la Riziki, akautazama mfuko. Kila mtu wa pwani ile alijua mfuko ule ulikuja kufanya nini. Akaanza polepole, sauti ya chini, ile ya kuvutia makasia wakati ziwa limetulia:

"Korongo, mguu wa pili iko wapi?
Nimewafunika nao wadogo zangu.
Korongo, upepo unakuja.
Usishushe."

Akarudia neno la mwisho akilivuta, na wavuvi wanne wakaitikia, usishushe. Akauliza tena mguu uko wapi. Akauliza kama korongo hajachoka. Akamwambia wenzake wote wameruka kwenda ng'ambo. Kila alichouliza, ekipe ilijibu usishushe, na makasia hayakuwepo lakini mabega yao yalikuwa yanavuta. Mama Shabani akaitikia. Fundi Masudi akaitikia kwa lile koo lake la kaswida, akasahau mgongo, akainuka.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa namtazama baba mdogo.

Baba mdogo Ezekieli alivua maisha yake yote. Alizaliwa kwenye ekipe. Mtu wa namna hiyo ukimwimbia wimbo wa makasia, mwili wake hauombi ruhusa. Alisimama na mfuko wazi mikononi, na Selemani alipofika mwisho wa mstari mara nyingine, akamgeukia yeye, akaliacha neno lining'inie. Na baba mdogo akajibu. Kwa sauti nene, kamili, kama aliye katikati ya ziwa: "Usishushe."

Kisha Mama Shabani akacheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi, bahati nzuri rangi ile haikuwa na mawese.

"Shemeji," akasema, "umeisha itikia."

Baba mdogo akatazama mfuko kama vile ni wa mtu mwingine. Akajaribu kusema kwamba yeye si wa pwani hii, kwamba Kabonga wana desturi zao. Fundi Masudi akamwuliza kwa upole kama Kabonga mtu akiitikia anakuwa hajaitikia. Baba mdogo akaukunja mfuko mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama kitambaa cha pua, akautia mfukoni, akaniambia, "Basi. Andika." Gari ya mchana aliipanda peke yake. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, hakuna aliyetoka Kabonga kuja Rumonge bila kuleta samaki wake kwa watoto wale.

Nikaandika. Mama Shabani alinipa mwenyewe mkebe mpya wa nyekundu. KORONGO, kisha nafasi ndefu, pale sauti inapovuta pumzi, kisha USISHUSHE. Wavuvi wengi hawakujua kusoma, lakini mtumbwi ule waliutambua wakiwa mbali kwa ile nafasi. Waliiona, wakajua wimbo gani. Ndiyo maana nawaambia, nafasi nayo ni herufi.

Hicho ndicho nilichokichukua, na nilikitumia mpaka mkono uliponikataa. Kwaya moja ya kanisa ilitaka malaika wenye tarumbeta nyuma ya madhabahu. Nikawaambia waimbe kwanza. Wakaimba, na katika nyimbo zao zote hapakuwa na tarumbeta hata moja, kulikuwa na maji, njia na usiku wa kuvuka, maana wengi wao walikimbia vita Kongo kwa mtumbwi. Nikawachorea ukingo wa ziwa na alama za nyayo zinazotoka majini, bila watu. Mchungaji alilalamika wiki nzima kwamba malaika hawapo. Kwaya ikaimba mbele ya ile picha, na hakulalamika tena. Akaanza kuwaambia wageni kwamba ni yeye aliyeagiza hivyo. Mwacheni. Kinyozi mmoja wa sokoni yeye aliniletea gazeti, akataka kichwa kile kile cha kwenye gazeti, na chini yake paandikwe KICHWA, na pembeni mkasi, chini yake paandikwe MKASI. Nikafanya, maana wadogo zangu walikuwa shuleni. Ukuta ule hakuna aliyewahi kusimama mbele yake akacheka, akabisha au akapiga mluzi. Ulikuwa umesema yote.

Leo mnachapisha mabango Bujumbura, yanakuja yamekunjwa kwenye gari, yanang'aa. Siyachukii. Yanaandika vizuri kuliko mimi. Lakini muulizeni yule mtu wa mashine ni wapi amemwachia mwimbaji nafasi.

Riziki sasa ni mwalimu, Amani ana mitumbwi yake, Mapendo anauza mawese na maneno. Hakuna aliyekwenda kokote bila kurudi jioni kula kwangu mpaka alipotaka mwenyewe kuondoka. Mguu sikushusha. Lakini sikusimama peke yangu, na hapo ndipo deni lilipo.

Desturi yetu ilikuwa na sehemu ya mwisho. Mwimbaji akikupa mstari, unamchorea uso wake kwenye ubao, unautundika nyumbani kwake. Nilimwendea Selemani wiki ile ile, nina ubao na mkaa. Akakataa. Alisema mtu anayeimba hachorwi, atachorwa siku atakaponyamaza. Kila mwaka nilimkumbusha, kila mwaka akasema bado anaimba. Mama Shabani akafariki, Fundi Masudi akafariki, mtumbwi wenyewe ukaoza ukafanywa kuni. Selemani akazeeka, akahamia Kabezi kwa binti yake.

Mwaka huu dereva wa basi dogo alisimama mbele ya nyumba yangu, akanipa salamu bila kushuka: "Mzee Selemani anasema, muambie Furaha, sasa nimenyamaza."

Nikapanda kwenda Kabezi. Nilimkuta uani, kifua kimemzidi, sauti imebaki pumzi. Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti tu, maana macho nayo hayaoni tena. Nikakaa naye mpaka jua likageuka. Nikamwambia kwamba nimekuja kumtazama ili nimchore, na kwamba nimechelewa, kwa sababu nitamletea picha asiyoweza kuiona. Akacheka, kicheko kisicho na sauti.

"Kwani na nyinyi wote mumenyamaza?" akaniuliza.

Sikumwelewa mpaka nikiwa njiani kurudi Rumonge: picha asiyoiona, mwingine anaweza kumwimbia.

Ubao uko ukutani kwangu, mmeuona, mkadhani ni kazi iliyonishinda. Paji la uso tayari, shingo tayari, masikio yametoka kama yake. Mkono ukitetemeka nasubiri, ukitulia naendelea. Mdomo sijauchora. Nimeuachia nafasi.

Siulizi nani kati yenu anajua kuchora. Nauliza nani atapanda nami gari kuupeleka ubao huu Kabezi, asimame mbele yake, amwimbie mzee yule anachokiona, ili na mimi nipate cha kuandika chini yake. Selemani anasubiri kuitikia, na bado sijamlipa.